Zaka ya Mavuno Haingoji Bei

Sifa njema zote zamstahikia Mwenyezi Mungu, aliyeteremsha mvua akaotesha nafaka. Na rehema na amani zimfikie Mtume wake Muhammad, aali zake na sahaba zake. Amma baad: enyi waja wa Mwenyezi Mungu, nakuusieni, nami naiusia nafsi yangu, kumcha Mola wetu.

Ndugu zangu wa Babati, msimu huu ambao mahindi yamekwisha kupukuchuliwa, na mbaazi zilizopandwa kati ya mistari yake zakauka mashambani tangu Gallapo hata Dareda, wako miongoni mwetu wasioacha sala wala saumu, lakini zaka huingojea Ramadhani, ilhali Mola wetu, katika Suratul An'am, aya ya 141, ameamrisha haki ya mazao itolewe siku ya kuvunwa kwake.

Fahamuni hukumu yake katika madhehebu ya Imamu Shafii. Nisabu, yaani kiasi cha chini kinachowajibisha zaka, ni wasaki 5, ambazo wanavyuoni wengi wa zama hizi wazikadiria kuwa kilo 653 za nafaka kavu iliyopepetwa, wala mahindi hayajumlishwi na mbaazi. Yaliyonyweshwa na mvua yatolewa sehemu moja katika kumi. Ya pampu yenye kula mafuta, moja katika ishirini. Mwenye kuvuna kilo 2,000 za mahindi ya mvua atatoa kilo 200. Na apime kwa mizani, asihesabu magunia, kwani lumbesa si kipimo.

Atakayesema, "Nilipe kwanza deni la mbegu na ujira wa trekta," ajue kuwa hayo hayapunguzi zaka. Na atakayesema, "Ningoje bei ipande," akumbuke mwaka 2017, India ilipobana uingizaji wa mbaazi na bei ikaanguka: aliyewajibika kutoa gunia moja la mbaazi alitoa gunia lile lile, kwa kuwa Sharia yadai sehemu ya nafaka, haidai sehemu ya faida.

Basi kabla lori halijapakiwa, itengeni haki hiyo, wala msiwachagulie mafukara punje zilizotobolewa na fukusi. Kisha mfikishieni mjane fukara na maskini wa kitongoji chenu, walio katika mafungu manane ya Suratut Tawba, aya ya 60.

Ewe Mola wetu, tutakabalie zaka zetu, uyabariki mashamba yetu, uwarehemu wazazi wetu. Amin. Simamisheni sala.