Aliyeamini Mwenyewe, Je, Hana Deni?



Liko swali linalogawa hata watu wema. Mtu akimpelekea jirani yake habari ya faida, naye mwenyewe anaiamini kwa moyo wote, kisha jirani akatoa fedha zake na fedha zikapotea, je, yule aliyesema ana kosa? Wengi hujibu upesi: hana. Mwongo ni yule anayejua ukweli na kuuficha. Huyu hakujua, na pengine yeye pia amepoteza. Basi tumwombee, yaishe.

Jibu hilo lina huruma, nayo huruma ni jambo jema. Lakini kuna kitu limekiacha nje. Ili tukione, tutazame habari ya kweli iliyotokea mbali, ambako hatuna jirani wa kumwonea haya wala wa kumkasirikia.

Kampuni iliitwa Bre-X. Ilikuwa ya mji wa Calgary nchini Kanada, na mwanzilishi wake, David Walsh, aliiendesha kutoka chumba cha chini cha nyumba yake. Mwaka 1993 ilipata haki ya kutafuta dhahabu mahali paitwapo Busang, katika misitu ya kisiwa cha Borneo, upande wa Indonesia. Haikuwa na mgodi, wala ilikuwa haijauza hata gramu moja kutoka Busang. Ilikuwa na tumaini, na tumaini hilo iliuza vipande vipande. Vipande hivyo ndivyo huitwa hisa. Anayenunua hisa huwa mmoja wa wenye kampuni kwa sehemu yake ndogo, na watu wengi wakiitaka hisa ile, bei yake hupanda.

Mwanzoni hisa moja ilinunuliwa kwa senti. Mwaka 1996, mwaka ule ule ambao wengi wa wazee wetu walivuka Ziwa Tanganyika na kambi ya Nyarugusu ikafunguliwa, hisa hiyo ilipita dola 200 za Kanada. Kampuni nzima ikahesabiwa kuwa na thamani ya zaidi ya dola bilioni 6. Februari 1997 ilitangaza kwamba Busang pana wakia milioni 71 za dhahabu, yaani zaidi ya tani 2,000.

Walionunua hawakuwa matajiri tu. Mifuko ya pensheni ilinunua, ukiwemo wa walimu wa Ontario. Watu wa mshahara walitoa akiba zao za uzeeni. Katika mji mdogo wa St. Paul, jimboni Alberta, habari ilipita nyumba kwa nyumba. Watu wa namna hiyo walizungumza kazini, mezani, kwa simu na hata kwa kompyuta. Aliyetangulia kununua alimwambia shemeji yake, shemeji akamwambia mwenzake wa kazini. Na kila bei ilipopanda walisema, "Mnaona?"

Machi 1997 kampuni kubwa ya Marekani, Freeport-McMoRan, iliyotaka kushirikiana nao, ilichoronga mashimo yake karibu na yale ya Bre-X ili kuhakikisha. Ikatangaza kwamba dhahabu iliyoonekana ni kidogo mno. Siku iliyofuata hisa za Bre-X zilipoteza zaidi ya sehemu nne kwa tano ya bei yake. Mwezi Mei wakaguzi wa kujitegemea walithibitisha kwamba hapakuwa na mgodi wa kuchimba, na kwamba sampuli za mawe zilikuwa zimetiwa dhahabu kutoka mahali pengine.

Ndugu zetu waliowahi kuosha dhahabu Misisi au Kamituga wataelewa jambo hili kuliko wasomi wengi. Punje ya dhahabu ya mtoni imeviringika, kwa kuwa maji yameisugua safari nzima. Punje inayotoka ndani ya mwamba bado ina kingo zake. Punje za Busang zilikuwa na mviringo wa mtoni, ingawa zilisemwa kuwa zimetoka mwambani. Tena ni desturi, kipande kirefu cha mwamba kikitolewa ardhini, kipasuliwe katikati: nusu iende maabara, nusu itunzwe kwa ajili ya yeyote atakayetaka kupima tena. Bre-X walisaga karibu mwamba wote, nusu ya pili haikubaki. Wapo wataalamu waliolijua jambo hilo la kusaga, na bado hisa zikaendelea kupanda.

Sasa tuulize: ni nani aliyedanganya? Waliotia unga wa dhahabu katika mifuko ya sampuli hawakuweza kuwa wengi. Lakini walioubeba uongo huo kutoka msitu wa Borneo mpaka kwenye meza ya mwalimu mstaafu walikuwa maelfu, na karibu wote walikuwa wakweli. Hapo ndipo penye fundisho letu. Uongo wa watu wachache ulisafiri kwa midomo ya watu waaminifu. Kama wangekuwa wanajulikana kuwa waongo, nani angewasikiliza? Uaminifu wao ndio uliokuwa gari.

Iliwezekanaje? Naona mambo matatu.

La kwanza, kila mmoja alihesabu imani ya mwenzake kuwa ushahidi. Baba fulani amenunua, naye si mjinga. Basi lazima kuna kitu. Lakini yule baba naye alinunua kwa sababu ya mtu mwingine. Watu kumi wakisimulia habari waliyoipata kwa mtu mmoja, shahidi bado ni mmoja.

La pili, fedha ikishaingia, sikio hubadilika. Mwenye hisa hasikii habari kama mtu asiye nazo. Habari njema huifungulia mlango, habari mbaya huiuliza maswali mengi. Tena kila anayemshawishi jirani yake anunue anaisaidia bei ya hisa zake mwenyewe kupanda, hata kama hakukusudia hivyo. Anadhani anashuhudia, kumbe pia anauza.

La tatu, na hili ndilo baya kuliko yote, mwenye shaka alifanywa adui. Baada ya tangazo la Machi wapo wenye hisa walioshikilia kwamba kampuni kubwa imetunga hila ili ipate dhahabu kwa bei ya chini. Katika majuma yale kabla ya ripoti ya Mei, wengine waliendelea kununua. Aliyewauliza maswali aliambiwa ana wivu au ametumwa. Ndivyo walivyomfukuza mtu pekee ambaye angeweza kuwaokoa.

Mahakama nayo ilitafuta aliyejua. Mwaka 2007 mahakama ya Ontario ilimwachia huru aliyekuwa mkuu wa wanajiolojia wa Bre-X, na hakuna hata mmoja aliyefungwa kwa ajili ya udanganyifu ule. Sheria ya namna hiyo huuliza, "Ulijua?" Lakini dhamiri ya Mkristo ina swali la pili: "Uliwasha nini?"

Tusome Kutoka 22:6. Mtu amewasha moto, moto umeshika miiba, ukateketeza nafaka ya jirani. Torati haiulizi kama alimchukia jirani yake. Haiulizi kama alijua upepo utageuka. Inasema aliyewasha atalipa. Si mwuaji, si mwizi, lakini ni mdaiwa. Hili ndilo jibu langu kwa swali letu. Aliyesema kwa moyo mweupe jambo asilolipima si mwongo, nasi tusimwite hivyo. Hata hivyo anadaiwa. Neno lake lilikuwa moto, na shamba lililoungua si lake peke yake.

Wapo watakaopinga wakisema: Mkristo ni mtu wa kuamini pasipo kuona, ukitaka vipimo kwa kila kitu, imani iko wapi? Ni hoja nzito, lakini tutofautishe. Mungu hawi mkuu zaidi kwa sababu mimi nimemwamini, wala hapungui nikiwa na mashaka. Bei ya hisa ya kampuni isiyo na kitu inategemea kuaminiwa tu. Watu wakiacha kuamini, hakuna kinachobaki. Kitu kinachoanguka kikiulizwa swali si cha kupewa imani ile tunayompa Mungu. Watu wa Beroya walichunguza hata mahubiri ya Paulo, nao wakasifiwa kwa hilo (Mdo 17:11). Ikiwa mtume alipimwa, tangazo la kampuni ni nani?

Wengine watasema: maskini hana mlango mwingine; asipothubutu atabaki alipo. Kweli kabisa. Kuthubutu si dhambi, maana hata mkulima humwaga mbegu asijue mvua. Yeremia alinunua shamba la Anathothi wakati jeshi la Babeli limeuzunguka mji (Yer. 32). Kwa macho ya watu ilikuwa fedha iliyotupwa. Lakini tazama alivyonunua: alipima shekeli 17 za fedha kwenye mizani, akaandika hati, akaita mashahidi, akaagiza hati itunzwe katika chombo cha udongo. Tena alitoa fedha yake mwenyewe. Hakuzunguka mjini akiwahimiza wajane nao wanunue ili shamba lake lipande bei.

Yeremia huyo huyo alisimama mbele ya Hanania, nabii aliyewaambia watu kwamba kabla ya miaka miwili kwisha waliohamishwa Babeli watarudi nyumbani (Yer. 28). Sisi tuliokaa kambini tunajua jinsi neno kama hilo linavyoshika. Nani asiyetaka kulisikia? Yeremia aliitikia Amina, Bwana na afanye hivyo. Naye alitaka kuona ndugu zake wanarudi! Mwenye shaka si lazima awe adui wa tumaini letu. Pengine analitamani kama sisi. Lakini hakukubali hamu yake iwe ndiyo ushahidi. Maandiko hayatuambii kama Hanania alijua kwamba anasema uongo. Yanatuambia kwamba aliwafanya watu wautumainie uongo, na hilo lilitosha kuwa hatia.

Msidhani haya ni ya Kanada au ya zamani tu. Hapa Tanzania, mwaka 2009, serikali ilisimamisha shughuli za DECI, mpango uliokuwa ukiongozwa na wachungaji. Haukuwa wa hisa; waliotangulia walilipwa kwa fedha za waliofuata. Wanachama walifundishwa kwamba wanapanda mbegu na watavuna. Mwaka 2013 mahakama ya Kisutu jijini Dar es Salaam iliwatia hatiani baadhi ya viongozi wake. Lakini viongozi wachache hawawezi kumfikia kila mama sokoni. Waliomfikia ni jirani, dada wa kwaya, na mtu aliyekuwa amekwisha kuvuna mara moja na kurudi na furaha usoni.

Nasi kila mwaka tunasikia jipya: fedha za kwenye simu zitakazozaa maradufu, mtu wa kuharakisha jina lako kwenye orodha ya kwenda Ulaya au Marekani, kampuni inayotafuta wanachama. Mara nyingi habari hiyo haiji kwa mgeni. Huja kwa mtu tunayesali naye. Kisha fedha zikipotea hupotea na undugu: watu wawili waliovuka maji katika mtumbwi mmoja hawaamkiani tena.

Basi tufanye nini? Kabla ya kumsifia ndugu yako jambo lolote la fedha, mwambie mambo matatu. Kwanza, mwambie wewe mwenyewe umeweka kiasi gani na utapata nini yeye akiingia. Pili, mtengee uliyoyaona kwa macho yako na uliyoyasikia. Usiyachanganye katika sentensi moja. Tatu, mwambie hali itakavyokuwa fedha zikipotea zote, na kama ni fedha ya mgao wa watoto mwambie asiitoe. Ukishindwa kuyasema hayo, bora unyamaze. Na katika likelemba au kikundi cha kuweka na kukopa, yule anayeuliza sana apewe kiti mbele. Huyo ndiye nusu ya jiwe iliyotunzwa, ya kupimwa tena.

Na kama moto umekwisha kuwaka? Aliyewasha asijifiche nyuma ya maneno "hata mimi nimepoteza." Aende kwa jirani, aseme, "Nilikuambia jambo nisilolipima." Alipe anachoweza, hata kama ni debe la mihogo au siku mbili za kulima. Aliyepoteza naye asimwite mwizi mtu asiyeiba. Aupokee ulipaji huo mdogo, na kinachozidi nguvu za mwenzake akisamehe. Deni likitajwa linaweza kulipwa au kusamehewa. Lisilotajwa hukaa kati ya nyumba mbili mpaka watoto walirithi.

Mungu awabariki na kuzilinda nyumba zenu. Amina.