MBOGA ZA UANI NA HUKUMU YA SAMADI

Sifa njema zote zamstahiki Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), na aali zake na sahaba zake. Amma baad.

Ndugu zetu Waislamu wa mijini wamezoea kuliona jembe kuwa ni kazi ya watu wa shamba. Mboga hununua sokoni wakala, wala hawaulizi zimetoka wapi. Na hali Mwenyezi Mungu, katika Sura ya Abasa, amemwamrisha mwanadamu akitazame chakula chake: mvua inavyomiminwa, ardhi inavyopasuliwa, na nafaka na mboga zinavyotoka.

Natutazame basi Sondu, soko lililo mpakani mwa Kisumu na Kericho, wakutanapo Wajaluo na Wakipsigis. Huko, kwa Kijaluo, mnavu huitwa osuga, mgagani huitwa dek, na mlenda huitwa apoth. Ni mboga za bara letu hili. Huota upesi, na samadi ya ng'ombe iliyooza huzistawisha bila ya mbolea ya dukani. Mtu aweza kuzipanda uani kwake, hata ndani ya gunia la udongo.

Hapo huja swali: samadi ni najisi, je, mboga iliyokulia humo yafaa kuliwa?

Jawabu: Yafaa. Ni kweli kuwa katika madhehebu yetu ya Imamu Shafi'i kinyesi cha mnyama ni najisi, hata akiwa ng'ombe au mbuzi. Lakini wanavyuoni wetu, Imamu Nawawi akiwa miongoni mwao, wamebainisha kuwa mmea wenyewe si najisi. Palipogusana na samadi ndipo paliponajisika, na pakioshwa hutahirika. Ama Imamu Malik, kwake kinyesi cha mnyama aliwaye nyama ni tahiri. Basi asiwepo wa kumharamishia mwenziwe sahani ya mchicha.

La ajabu ni kuwa twaiogopa samadi, ambayo athari yake huondoka kwa maji, wala hatuiogopi sumu ya kuulia wadudu. Miongoni mwa dawa hizo zimo ziingiazo ndani ya jani, zisiondoke kwa kuoshwa. Kibandiko cha chupa hutaja siku za kungoja baina ya kunyunyiza na kuchuma. Anyunyizaye leo akachuma kesho, akauza huku amenyamaza, ameingia katika ghushi. Mtume (S.A.W.) alipotia mkono katika lundo la chakula sokoni akakuta umajimaji chini yake, alimkemea muuzaji na kumtenga mwenye kughushi na umma wake. Ule ulikuwa umajimaji wa mvua tu. Itakuwaje kwa sumu?

Na dhara haikomi sokoni. Mto Sondu washuka kutoka vilima vya Mau hadi Ziwa Victoria. Mbolea iliyozidi shambani husombwa na mvua ikafika ziwani, ikayalisha magugumaji, ambayo tangu miaka ya 1990 yamekuwa yakiziba Ghuba ya Winam na kuwafungia wavuvi njia. Na sharia yetu yakataza mtu kudhuru na kudhuriana. Aliye juu ya mto ana haki ya kulima. Hana haki ya kumharibia aliye chini.

Basi fanyeni hivi. Samadi mbichi ifunikwe pamoja na majani makavu na maganda ya jikoni, igeuzwe mara kwa mara, iachwe miezi kadhaa mpaka iwe udongo usionuka. Harufu isimuudhi jirani, kwani naye ana haki. Wakija wadudu, lowekeni majani ya mwarobaini yaliyopondwa, mchuje, mnyunyize. Na mboga zioshwe vyema kabla ya kupikwa.

Kisha kumbukeni alivyotufundisha Mtume (S.A.W.): apandacho Mwislamu, akala humo mtu, ndege au mnyama, ni sadaka yake. Tuta moja la mnavu nyuma ya nyumba, na fungu lake likapelekwa kwa jirani, limo katika bishara hiyo.

Mwenyezi Mungu atujaalie chakula cha halali kilicho safi. Amin.