Kumngoja Mtu wa Mwisho

Hapa Nakivale, Jumapili, vijana wanatoka na baiskeli (wengi tunaita kinga) kwa kundi, sita au kumi. Wanaacha barabara ya murram, wanashika njia za miguu na za ng'ombe kupita vilimani. Wengine wanaona ni mchezo tu. Mimi naona kuna swali zito pale: kumngoja mwenzako ni kufanya nini hasa?

Kawaida iko hivi. Wenye kinga nzuri wanafika juu ya kilima, wanakaa chini, wanakunywa maji, wanapiga stori. Nyuma anakuja yule mwenye kinga nzito ya chuma, haina gia, breki ni moja. Akifika tu, jasho linamchuruzika, wanasema: "Haya, amefika, twende!" Wao wamepumzika dakika kumi, yeye hata moja. Yaani aliyechoka kuliko wote ndiye aliyepumzika kidogo kuliko wote, na kilima cha mbele atachelewa zaidi. Ukiwauliza, watakujibu kwa moyo safi: lakini si tulimngoja!

Nakataa. Walisimama, ndiyo, ila kungoja kunaanza pale anapofika. Apewe maji, apumue, aangalie tairi, halafu yeye mwenyewe aseme twende.

Kuna watakaopinga: tukienda hivyo, giza litatukuta njiani. Hoja hiyo sitaidharau, usiku bila taa kwenye njia ya mawe mtu anavunjika. Basi semeni kabla ya kutoka ni mbali kiasi gani na mwendo gani, kila mtu achague. Lakini ukimwambia mtu "njoo, tutaenda pole pole", usimwache njia panda akikisia mmepita wapi. Mmoja abaki pale mpaka wa mwisho aone. Na pampu ikae nyuma, kwa sababu pancha ya mtu wa nyuma wa mbele hawaisikii.

Ninyi wa mashirika mnaosoma gazeti hili, jambo hili mnalijua. Bibi anatembea kwa fimbo, anafika mgaoni wa mwisho, anaambiwa muda umeisha. Kwenye ripoti, mlango ulikuwa wazi kwa wote.

Halafu kuna wenye njia. Chama cha IMBA, kilichoanzishwa Marekani mwaka 1988 na waendesha baiskeli za milimani, kinafundisha kwamba mwenye baiskeli ampishe anayetembea kwa miguu, na anayeshuka ampishe anayepanda. Ni haki kabisa: anayepanda akisimama, kuanza tena ni kazi. Kwetu sababu ni kubwa zaidi. Mama mwenye jerikeni ya lita 20 kichwani hawezi kurukia pembeni eti kwa sababu wewe unashuka kwa kasi. Shuka kwenye kinga, msalimie, apite. Ng'ombe wa Ankole nao, na pembe zile, usiwapigie kengele; simama tu.

Ila kinachoniuma zaidi ni dimbwi. Mvua imenyesha, katikati ya njia kuna maji. Wa kwanza hataki kuchafua viatu, anazunguka kando. Wa pili anakuta kando pameshakuwa matope, anazunguka mbali zaidi. Kufikia wa kumi, mko ndani ya maharage ya mtu. Pita katikati ya maji, jamani, au beba kinga begani. Na mvua ikiwa kubwa kweli, bakini nyumbani, maana tairi zinachora mfereji na mvua inayofuata inaondoka na udongo.

Tena wa mbele hawaoni walichoharibu. Mwenye shamba akitoka amekasirika, wao wameshapita zamani. Anayekutwa pale ni yule wa mwisho, anasukuma kinga yake, na yeye ndiye anaomba msamaha kwa Kinyankole cha kuokoteza, kwa niaba ya watu kumi.