Nani Anayeusogeza Mkono?

Mtu akikamatwa na kosa, mara hutafuta wa kumtwika. «Ni hasira iliyonishika.» «Ni pombe.» «Ni rafiki walionisukuma.» Siku hizi wamezuka wengine, wenye elimu kidogo, nao wana udhuru mpya: «Ni ubongo wangu. Wataalamu wameonyesha ya kuwa ubongo ndio unaouamuru mkono. Basi mimi nina kosa gani?» Yafaa tuupime udhuru huo pasipo haraka. Kama ni wa kweli, hakuna tena mtu wa kusifiwa wala wa kulaumiwa, na maneno yote ya wazee, ya mahakama na ya dhamiri ni kelele tupu.

Kwanza tuwasikilize wataalamu wenyewe. Mwaka 1870, katika mji wa Berlin, Gustav Fritsch na Eduard Hitzig waligusa ubongo wa mbwa kwa umeme mdogo, wakaona mguu wa upande wa pili unasogea. Miaka michache baadaye David Ferrier, huko Uingereza, akajaribu vile vile kwa kima. Lakini hapo umeme ulitoka kwa mtaalamu, si kwa mnyama mwenyewe. Katika miaka ya 1960 Edward Evarts, huko Bethesda katika Marekani, alishika njia nyingine. Alimfundisha kima kusogeza mkono ili apate tuzo. Kisha, kwa waya wenye ncha nyembamba kuliko unywele, akasikiliza chembe moja moja za ubongo wake wakati yu macho na anafanya kazi. Akaona ya kuwa chembe hizo huanza kupiga kabla nyama za mkono hazijakaza. Mwaka 1982 Apostolos Georgopoulos na wenzake wakaonyesha ya kuwa chembe nyingi zina upande zinaoupendelea, lakini hakuna hata moja inayouongoza mkono peke yake. Ni kama wapiga makasia wengi katika mtumbwi mmoja: kila mmoja avuta kwake, na mtumbwi huenda pale nguvu zao zote zinapokutana.

Hayo ni kweli, wala hatuna sababu ya kuyaogopa. Lakini je, yatosha kumfanya mtu aseme «Si mimi»? Tutazame mambo mawili.

La kwanza. Wilder Penfield, mganga wa Montreal katika Kanada, aliwapasua wagonjwa wengi wa kifafa wakiwa macho, maana ubongo wenyewe hausikii maumivu. Alipogusa kwa umeme mahali panapotawala mkono, mkono wa mgonjwa ulisogea. Alipowauliza, wagonjwa walijibu ya kuwa si wao waliofanya hivyo, bali ni yeye mganga. Angalieni vema: mkono ulikuwa wao, na ubongo ulikuwa wao; hata hivyo walijua ya kuwa tendo halikuwa lao.

La pili. Mwaka 2012 wataalamu wa Marekani walieleza habari za mwanamke aliyepooza mikono na miguu kwa karibu miaka 15, tena hakuweza kusema. Walikuwa wamemwekea katika ubongo kidude chenye vijisindano 96, cha kusikiliza chembe za sehemu ile inayotawala mkono. Alipokusudia kuusogeza mkono wake, kompyuta ilitafsiri, mkono wa mashine ukashika chupa ya kahawa na kuipeleka kinywani mwake, naye akanywa, akatabasamu. Mkono haukuwa wake. Lakini nani atathubutu kusema ya kuwa tendo halikuwa lake?

Basi mkono waweza kusogea pasipo mtendaji, na mtendaji aweza kutenda pasipo mkono wake. Kwa hiyo, anayesema «ni ubongo wangu» hajajibu bado tulilomwuliza. Twamwuliza kama alijua na kama alitaka. Kwa sababu hiyo hiyo, mwenye kifafa akimpiga jirani katika kuanguka kwake hana kosa lolote, na wale wanaomkimbia au kumcheka ndio wenye kosa.

Mwenzetu atabisha: «Lakini Benjamin Libet, huko San Francisco, alionyesha mwaka 1983 ya kuwa ubongo hujiandaa karibu nusu sekunde kabla kiganja hakijakunjwa, na mtu huhisi kukusudia baadaye, ikiwa imebaki kama sehemu moja ya tano ya sekunde.» Ni swali gumu, na wenye elimu wangali wakishindana juu yake. Lakini Libet mwenyewe alishika ya kuwa hata katika muda ule mfupi mtu aweza kulizuia tendo. Tena, kukunja kiganja pasipo sababu si sawa na kuiba fedha za ushirika. Mwizi hakuamua kwa nusu sekunde. Jumatatu aliliona sanduku, Jumanne akauliza ni nani mwenye ufunguo, Jumatano akatunga uongo wa kumwambia mkewe. Alikuwa na siku tatu za kukataa.

Liko na neno jingine. Mwaka 1996 Randolph Nudo na wenzake walieleza habari za kima waliozoezwa kutoa chakula katika vishimo vidogo kwa vidole. Baada ya mazoezi, sehemu ya ubongo inayotawala vidole ilionekana imepanuka. Kumbe ubongo hautuongozi tu. Sisi nasi twautengeneza kwa yale tunayoyarudia kila siku. Mtu anayesema leo «mkono wangu umezoea» asema kweli, lakini ni nani aliyeuzoeza?

Wazazi, hilo latugusa sisi. Mtoto aliyezoea kurudisha sarafu iliyobaki sokoni, hata ikiwa moja, anaufundisha mkono wake kazi njema. Tumwangalie, na tumsifu. Mtoto anayeificha, tusingoje awe mtu mzima ndipo tumwulize kwa nini.