Jumanne: Vinundu Mizizini

Soma Kutoka 25:10 na 1 Wakorintho 12:21, 22. Viungo vinavyodhaniwa kuwa dhaifu vina sehemu gani katika mwili?

Mungu alipoagiza sanduku la agano litengenezwe, alichagua mti wa mshita, mti wa jangwani. Ni wa jamii moja na migunga inayoota katika Bonde kavu la Yaeda, chini ya nyanda za juu za Mbulu. Miti hiyo husitawije katika udongo usio na rutuba? Karibu asilimia 78 ya hewa ni nitrojeni, na kila mmea unaihitaji. Lakini hakuna mmea unaoweza kuichukua hewani wenyewe. Migunga mingi husaidiwa na bakteria wanaoishi katika vinundu vya mizizi yake. Bakteria huigeuza nitrojeni kuwa chakula cha mti. Mti nao huwapa sukari iliyotengenezwa na majani.

Mkulima wa Tlawi anaweza kuliona jambo hili katika shamba lake la maharage. Aking’oa shina moja wakati wa kuchanua, atakuta vinundu mizizini. Huenda akadhani ni ugonjwa, kwa maana kuna minyoo ya udongoni ambayo nayo huvimbisha mizizi. Basi na achunguze. Uvimbe wa minyoo ni mzizi wenyewe uliovimba; hautoki. Kinundu cha bakteria kimeshikamana kando ya mzizi, na hubanduka kwa kidole. Kikipasuliwa kingali kikifanya kazi, ndani yake huonekana wekundu hafifu.

Kanisani pia wapo wanaodhaniwa vibaya: mshiriki mpya ambaye maswali yake huchelewesha darasa, au mzee asiyesikia vizuri ambaye kila alfajiri huwaombea vijana kwa majina. Ni rahisi kumwona mtu kama huyo kuwa uvimbe na kutamani aondoke. Lakini mmea uliopoteza vinundu vyake hauanguki siku hiyo. Hubaki umesimama, umezungukwa na hewa iliyojaa kile unachokihitaji, huku majani yake yakigeuka manjano polepole. Kusanyiko nalo laweza kuzungukwa na neema ya Mungu, na bado likadhoofika kwa kumkataa yule ambaye kwake Mungu alikusudia kulilisha.

Je, ni nani katika kanisa lako uliyemhesabu kuwa mzigo kabla ya kumfahamu kwa karibu? Utafanya nini kabla ya Sabato hii ili umfahamu?