Nani Ana Haki ya Kuua Gemu?

Kuna bodi za gemu zilizotoka kiwandani zikiwa zimebeba kifo chao ndani. Sisemi kuchakaa, ama kuungua kwa sababu stima imepotea na kurudi kwa nguvu. Nasema kifo cha mpango. Kampuni ya Capcom ya Japani ilizitoa kuanzia 1993, mtambo unaoitwa CPS-2, wa zile gemu kubwa za kusimama ambazo unatumbukiza sarafu ndio ucheze. Juu ya bodi walilehemu betri ndogo ya lithiamu. Programu ya gemu ilikuwa imefungwa kwa msimbo wa siri, na ufunguo wa kuifungua ulikaa kwa kumbukumbu inayohitaji umeme mchana na usiku, hata mashine ikiwa imezimwa. Betri ikiisha, ufunguo unafutika. Ukiwasha, unaona skrini ya rangi moja, tupu. Chipu zote ni nzima, nyaya zote ni nzima, na gemu haiko. Wapenzi wa mashine hizi huiita betri ya kujiua.

Swali langu ni moja. Mtu ametengeneza kitu, amekiuza, amekula pesa yake. Je, bado ana haki ya kuamua kitakufa lini?

Swali hili lilinijia nikitengeneza sanduku. Bodi ya gemu ikitolewa kwa kabati lake ni kitu cha kuhurumiwa: kipande cha plastiki ngumu kilichojaa chipu, hakina skrini, hakina vitufe, hakina hata pa kuchomeka kwa ukuta. Mchuuzi wa vyuma chakavu aliyeniuzia yangu alikuwa ameshauza kabati kwa mtu wa mbao. Kilichobaki hakujua ni cha nini, na bei ilikuwa ya mtu anayetaka kupunguza mzigo. Ilikuwa Street Fighter II, ile ya kina Ryu na Chun-Li.

Kuicheza bila kabati, unahitaji kitu ambacho wenyewe huko ng'ambo huita supagani: sanduku la kuipa bodi umeme, kuchukua picha na sauti yake kupeleka kwa TV, na kuunganisha vitufe. Mimi nilitumia sanduku la bati, lile la form one, la mafundi wa jua kali wa Kamukunji. Kama ulisoma bweni unalijua: kufuli mbele, jina lako kwa rangi nyeupe juu. Ndani nikaweka plaiwudi, na juu ya plaiwudi bodi imesimama kwa miguu ya plastiki, kwa sababu ncha za lehemu zilizo chini yake zikigusa bati ni shoti, na shoti moja inatosha. Bati lenyewe nikaliunga na waya wa ardhi. Umeme unatoka kwa pawa saplai ya kompyuta ya zamani, ile ambayo unaunganisha waya wa kijani na mweusi ndio iwake. Kabla bodi haijaonja chochote, nilipima volti 5 kwa mita, nikapima tena. Zikizidi, chipu zinapikika.

Sasa kuna kitu kizuri sana hapa, na ningependa ukikumbuke tukifika mbele. Ukingoni mwa bodi kuna meno 56, 28 kila upande, na kila jino lina kazi yake: hili ni la umeme, hili la rangi nyekundu, hili la mchezaji wa kwanza kwenda kushoto. Mpangilio huo unaitwa JAMMA, jina la muungano wa watengenezaji wa mashine za burudani wa Japani, na ulianza katikati ya miaka ya 1980. Kabla yake, kila kampuni ilikuwa na plagi yake. Baada yake, mwenye duka la gemu aliweza kuchomoa bodi ya kampuni moja na kuchomeka ya kampuni nyingine kwa kabati lile lile. Washindani walikaa chini wakakubaliana kuhusu plagi. Ndiyo maana mimi, miaka zaidi ya 30 baadaye, naweza kushika mchoro na nyaya na kuelewana na bodi ambayo sijui ilizaliwa wapi.

Teke ndizo zilinisumbua. JAMMA ya kawaida ina vitufe vitatu kwa kila mchezaji, na Street Fighter inataka sita: ngumi tatu, teke tatu. Zile teke ziko kwa plagi nyingine ya pembeni, na kwa bodi yangu haikufuata mchoro wowote. Nikaipeleka kwa fundi wa redio pale Luthuli, mzee ambaye mita yake ina umri wangu. Akawasha taa, akaishika karibu na macho.

"Kijana, hii nani amekuuzia?"

"Ni ya kuokota tu, mzee wangu. Kwa scrap."

"Ona hizi chipu. Majina yamekunwa. Mtu hakuni jina la chipu bure. Alikuwa anaficha."

Alikuwa anasema ukweli. Bodi yangu ni feki. Miaka ya mwanzo ya 1990, Street Fighter II ilinakiliwa na kuuzwa ulimwengu mzima na watu ambao Capcom haikuwajua. Wengine hata waliibadilisha, wakaongeza vituko, mchezaji anarusha moto akiwa hewani. Betri ya kujiua ilikuja kwa sehemu kubwa kama jibu la wizi huo. Na hapa ndipo maadili yanapochanganya kichwa: bodi ya mwizi haikuwekewa betri, na inacheza mpaka leo ndani ya sanduku la form one. Bodi ya halali, iliyonunuliwa kwa bei kamili na mtu mwaminifu, betri yake ikiisha inabaki kuwa trei ya kuwekea chai.

Nisieleweke vibaya. Siwatetei wezi. Mimi naishi kwa kuandika, makala moja baada ya nyingine, na nimeona maneno yangu yakitembea Facebook yakiwa na jina la mtu mwingine na likes za kutosha kulipa rent, kama likes zingelipa rent. Najua vile tumbo linajisikia. Wale wachoraji wa Capcom waliochora kila mkono na kila mguu walikuwa na haki ya kulipwa, na aliyekuna majina ya chipu aliwaibia. Kampuni ikiamua kuweka kufuli, sina neno. Kufuli la kuzuia mwizi ni haki ya mwenye nyumba.

Lakini betri hii ni kufuli la aina nyingine. Mchoraji anaweza kuchoma picha yake asubuhi ya leo kama bado ni yake. Akishaiuza, akapokea pesa, picha ikawa sebuleni kwa mtu, hawezi kurudi usiku na kibiriti. Betri ni kibiriti kilichoachwa sebuleni tayari, kikisubiri wakati. Hakimkamati mwizi. Mwizi aliyevunja msimbo hakimhusu, na aliyenakili gemu za kabla yake hakimhusu pia. Kinamchoma aliyelipa, na baada yake kila mtu ambaye angekuja kununua, kurithi ama kuokota. Njia rasmi ya kupona ilikuwa kurudisha bodi kwa kampuni. Hiyo inamaanisha uhai wa kitu chako unategemea mtu mwingine aendelee kuwa hai, aendelee kujali, na aendelee kuona faida. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri makalio. Hii ni mbaya zaidi: nguo umenunua, risiti unayo, na bado ni ya kuazima.

Unaweza kuniambia: si ni gemu tu? Sawa. Basi fikiria simu za mkopo, zile za kulipa kidogo kidogo kila siku, ambazo ukikosa kulipa skrini inajifunga. Watu wengi tunazijua, na zinauma. Lakini hata kufuli hilo kali lina mlango: ukimaliza deni, simu inafunguka na ni yako. Muuzaji ana haki mpaka shilingi ya mwisho, kisha haki yake inaisha. Betri ya kujiua haina shilingi ya mwisho. Ulilipa yote siku ya kwanza, na saa ikaanza kuhesabu siku hiyo hiyo. Nikilinganisha hizo mbili, ya mkopo ndiyo ina adabu.

Kuna kitu kingine hapa, kikubwa kuliko mnunuzi na muuzaji. Hakimiliki ni makubaliano kati ya msanii na sisi wengine wote. Hapa Kenya, Sheria ya Hakimiliki ya 2001 inalinda maandishi ya mtu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake. Katika muda huo, jamii inasema: tutakulinda, asikuibie mtu. Muda ukiisha, kazi inakuwa ya umma, na yeyote anaweza kuichapa, kuiimba, kuigeuza. Hiyo ndiyo bei ya ulinzi. Sasa weka betri ambayo inaisha mapema kuliko hakimiliki. Kampuni imepokea ulinzi wa sheria kutoka kwetu, na siku ya kutulipa ikifika, hakuna kitu cha kulipa nacho. Gemu ilishakufa ndani ya kabati. Tuliwalinda bure.

Hilo halikutokea, na sababu si huruma ya kampuni. Sababu ni watu waliokataa. Nicola Salmoria wa Italia alianzisha MAME mwaka wa 1997, programu inayofanya kompyuta ya kawaida iigize mashine za zamani za gemu. Mwaka wa 2007, yeye na Andreas Naive walifichua jinsi msimbo wa CPS-2 unavyofanya kazi. Mwaka wa 2016, Eduardo Cruz na wenzake walionyesha njia ya kurudisha ufunguo ndani ya bodi iliyokufa, na bodi ikaamka kama ilivyokuwa. Hii haikuwa ajira yao. Walitumia usiku wao kwa kitu ambacho sheria, ukiiuliza vizuri, ingewatazama kwa jicho la shaka.

Najua pia kwamba MAME inaniuliza: kama kompyuta inaweza kuigiza kila kitu, sanduku lako la nini? Jibu ni kwamba mwigo ulisomwa kutoka kwa kitu chenyewe. Gemu nyingi zilizo ndani ya MAME, kuna mtu mahali fulani alikuwa na bodi yenyewe, akachomoa chipu, akazisoma moja moja. Bila mtu wa kupangusa vumbi, kupima volti na kukataa kutupa, nakala haingekuwa na pa kuanzia. Sanduku langu lina bodi moja, feki, ya gemu ambayo haitapotea. Haliokoi historia. Lakini kulijenga kumenifundisha kwamba kumiliki ni kazi. Unajua kitu kinakula volti ngapi, kinaogopa nini, na ukikiharibu hakuna mtu wa kumpigia.

Watoto wa ploti hucheza jioni kwa TV ya zamani, ile ya mgongo, kwa sababu picha za bodi hizi zinakaa vizuri humo kuliko kwa skrini bapa. Kuna mmoja aliniuliza, "Uncle, mbona hii haiombi WiFi?" Nilimwambia haina haja. Haina akaunti, haina nenosiri, haingoji mtu wa mbali aseme ndiyo. Alinitazama kama nimemwambia gari halitumii mafuta. Ana miaka tisa, na kwake kitu kisichoomba ruhusa ni kitu chenye kasoro. Hapo ndipo naogopa. Capcom ilibidi ifiche betri ndani ya plastiki. Siku hizi hakuna haja ya kuificha, kwa sababu tumezoea kuambiwa tumenunua kumbe tumekodi.

Kwa hivyo jibu langu kwa swali la mwanzo ni hapana. Haki ya kulipwa haibebi haki ya kuua. Anayetaka kufunga kazi yake afunge, mradi aache ufunguo mahali ambapo utapatikana yeye akiondoka: kwa maktaba, kwa hifadhi ya taifa, kwa yeyote asiyeuza gemu. Asipoacha, basi wale wanaovunja kufuli baada ya yeye kuondoka sitawaita wezi. Nitawaita majirani waliosikia mtoto akilia ndani ya nyumba iliyofungwa.

Na hili linanihusu hata mimi. Ukiniibia makala leo, nitakufuata mpaka kwa inbox. Nikishalipwa, nikishazeeka, nikishazikwa, na miaka yangu 50 ikiisha, chukua. Chapa, badilisha, weka kwa sanduku lolote ulilo nalo. Jina langu tu usilikune.