Asumini za Nyanya

Nyanya alizichuma asumini jioni, zikiwa bado vitumba, ndiyo zifunuke usiku. Alizitunga na mrehani, akauza vikuba Mji wa Kale, Mombasa. Sehemu ya karo yangu ilitoka humo. Nilipoacha chuo sikumwambia. Kila Ijumaa alipiga simu kuuliza masomo, nami, "Yaenda vizuri, Nyanya." Alifariki akiniamini.

Mche wake sasa uko kwenye mkebe wa rangi, Pipeline, Nairobi, ambako hata jua ni la kubahatisha, manze. Majirani hudhani napenda maua tu. Lakini je, kuutunza mmea wa mtu uliyemdanganya ni mapenzi, ama ni kumlipa asiyeweza tena kudai? Harufu haiulizi maswali. Yeye angeuliza.

Jana kilitokea kitumba kimoja. Jioni ikafika, sikukichuma.